Mama Pasi Anahama

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, na wapo waliozaliwa, wakakua na kuoa papo hapo mtaani bila kujua kama ana jina jingine. Alikuwa dobi. Nyumba yake ilikuwa pale barabara inapokata kona, nyumba ya vyumba vitatu, sebule ndiyo karakana, na ua umejaa kamba za kuanikia kiasi kwamba aliyepita humo ilimbidi ainame kama anayeingia pangoni. Mvuke na harufu ya sabuni vilikuwa vimeingia hadi kwenye kuta. Mumewe alizoea kusema kwamba ukiikamua nyumba ile itatoa povu.

Mumewe huyo alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Watu walimpachika jina la Breki, kwa kuwa hata alipotembea kwa miguu alianza kupunguza mwendo mbali kabla ya kufika aendako. Maisha yake yalikuwa kuja na kuondoka. Alikuja na vumbi lake, akala, akalala, akacheka na watoto, nguo zake zikafuliwa na kunyooshwa, akaondoka. Watoto wawili walizaliwa yeye akiwa njiani, wakaota meno, wakamaliza shule, wakaenda kutafuta riziki zao mbali, na muda wote huo Mama Pasi alikuwa palepale nyuma ya meza yake, pasi mkononi. Ukiifananisha ndoa yao na mlango, mume alikuwa ubao unaofunguka na kufungwa, na mke alikuwa fremu.

Mambo yaligeuka baada ya Breki kustaafu. Mama Pasi alikuwa na mdogo wake wa kike, mjane asiye na mtoto, aliyekuwa mwalimu wa chekechea huko upande wa pili wa nchi, safari ya kulala njiani. Macho ya mdogo mtu yalikuwa yakififia tangu zamani kwa presha ya macho, na mwaka ule yakazima kabisa. Mama Pasi akampigia simu, akamwambia asiwe na wasiwasi, afunge virago aje, chumba cha watoto kiko wazi.

"Siji, dada," mdogo mtu alisema.

"Huji kwa nini? Utaishije peke yako?"

"Hapa najua jiko liko wapi, kizingiti kiko wapi, mtungi uko wapi. Siku hizi macho yangu yako kwenye miguu na vidole. Ukinihamishia kwako nitakuwa kipofu mara ya pili."

Mama Pasi aliagana naye, akalirudia shati alilokuwa ameliacha mezani. Akanyoosha ukosi, akaenda mabegani, akashuka mikononi. Alipofika kwenye vifungo alikuwa ameshaamua. Kama mdogo wake hawezi kuiacha nyumba, basi itabidi yeye aiache ya kwake. Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi. Kuitenda ndiko kulikokuwa kuzito.

Alimweleza mumewe wakati wa chai ya jioni. Breki alipuliza kikombe, akafikiri kidogo, akauliza, "Tunaondoka lini?"

Aliuliza kama mtu aliyeambiwa waende dukani kununua chumvi. Mama Pasi alimtazama. Alikuwa amejiandaa kwa mabishano, amejipanga kabisa na maneno yake, na sasa maneno yale yakabaki hayana kazi.

"Hivi hutaikumbuka hii nyumba?" alimuuliza.

"Nitaikumbuka. Lakini nyumba ni pale ulipo wewe. Nikirudi nikakukuta, nimefika."

Lilikuwa jibu zuri, na mwanamke mwingine angelifurahia. Mama Pasi lilimchoma kidogo. Aliona kwamba mzee yule alikuwa amepumzika katika nyumba ile miaka yote bila hata siku moja kuishi ndani yake. Alivikusanya vikombe akaenda kuviosha.

Habari hazikuhitaji kutangazwa. Jirani wa ubavuni alikuwa mama mmoja aliyeitwa Mama Redio, na yule hakulala na jambo tumboni. Kabla siku haijaisha, muuza mkaa alishajua, mwenye duka alishajua, na wateja wakaanza kuja na nguo kwa wingi kama wanaoweka akiba. Nyumba nayo haikukawia kupata mtu. Ilichukuliwa na fundi umeme kijana, mwenye mke na mtoto wa kubebwa. Walipokuja kuitazama, fundi alitazama dari na swichi, mkewe akatazama ua. Akasimama katikati ya zile kamba, mtoto mgongoni, akamuuliza Mama Pasi jua la asubuhi linaingilia upande gani. Mama Pasi akampenda kwa swali lile moja tu.

Sasa, kila dobi ana rafu ya nguo zilizosahaulika. Ya Mama Pasi ilikuwa chumba cha ndani, ukutani, nyuma ya pazia. Watu huleta nguo, wakahama, wakanenepa, wakagombana na mpenzi aliyewanunulia, wakaziacha. Yeye hakuwahi kuuza wala kugawa hata leso. Alizikunja, akazipangusa vumbi, na kila baada ya muda akazifua upya, kwa sababu nguo isiyovaliwa nayo huchoka. Ila kuhama na nguo za watu hakuwezekani, wala hakutaka kumwachia mke wa fundi mzigo ule. Akaamua azirudishe mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na huko ndiko kukawa kuaga kwake.

Zoezi lile lilimchekesha kuliko alivyotarajia. Mwenye duka alirudishiwa suruali ya ujana wake, kiuno chembamba kama shingo ya chupa. Akaiinua mbele ya wateja, akaitazama, akasema, "Huyu jamaa aliyevaa hii mimi simfahamu." Binti mmoja aliyekuwa sasa na watoto alipewa gauni la mahafali, akalinusa, kisha akamwita mwanawe wa kike aje alione. Kinyozi alikana katakata kwamba shati la maua ni lake, mpaka mkewe akatokea ndani akasema ni lake na yeye ndiye aliyelificha kwa dobi ili lisivaliwe tena. Kila nyumba ilimkalisha, ikampa maji ya kunywa, ikamuuliza kwa nini anaondoka, naye akajibu kilekile: "Mdogo wangu ananihitaji." Na kila nyumba ikajibu kwamba damu ni nzito kuliko maji. Aliporudi kwake jioni miguu ilimwaka moto, ila moyo ulikuwa mwepesi.

Likabaki koti moja. Lilikuwa koti la kiume, rangi ya kahawia, zito, lenye viraka vya ngozi kwenye viwiko. Mwenyewe alikuwa mpiga picha, na studio yake ilitazamana na kituo cha posta. Alilileta siku moja asubuhi, akasema ana kazi ya kupiga picha za watu wazito, apigiwe pasi ya nguvu. Hakulifuata. Aliugua ghafla, na wiki ile haikuisha akazikwa kwa suti nyingine. Mama Pasi alikwenda msibani, akakaa na wafiwa, akarudi nyumbani, akalikuta koti limening'inia. Angelirudisha vipi? Kumpelekea mjane koti la mumewe, limenyooshwa, kama linasubiri kuvaliwa? Akasema atasubiri msiba upoe. Msiba ukapoa, lakini kila siku iliyopita ilizidi kulifanya jambo lile kuwa gumu, mpaka likawa halisemeki. Mjane aliishi mtaa wa pili. Walisalimiana, wakaulizana hali, wakapeana mboga za bustanini. Koti halikutajwa.

Alilipiga pasi upya, polepole, akalifunika kwa shuka safi, akalibeba kwa mikono yote miwili kama mtoto aliyelala. Mjane alikuwa kibarazani anachambua mchele. Alikuwa mtu mzima kumzidi, na Mama Pasi alimwita dada kwa heshima. Akalitazama shuka, akasogeza ungo pembeni.

"Ni koti," alisema mjane, kabla mwenzake hajafungua kinywa.

Mama Pasi alikaa. "Nisamehe, dada. Sikujua nilileteje."

"Nikusamehe nini? Nilijua liko kwako. Aliniambia asubuhi ile anakwenda kulipeleka."

"Ulijua? Na hukulifuata?"

Mjane alichukua punje moja ya mchele iliyoanguka kwenye mkeka, akairudisha ungoni. "Vitu vyake vyote niliviondoa mwenyewe. Viatu, mashati, mashine zake za picha. Watoto walitaka hivyo, wakasema nitapumua. Nikapumua kweli. Lakini nikipita kwako nikaona dirisha lako lina mvuke, najiambia, koti lake liko kwa dobi. Mtu ambaye koti lake liko kwa dobi hajaenda mbali. Nilikuwa najidanganya, najua. Ila ulikuwa uongo mzuri, na wewe ulinisaidia kuutunza bila kujua."

Mama Pasi alikuwa akidhani kuhama ni jambo lake na mumewe na mdogo wake. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu mwingine aliyekuwa ameweka kitu cha moyo wake ndani ya nyumba ile.

"Ningejua," alisema, "ningelitafutia mahali pengine."

"Hapana. Muda wake umefika. Hebu lete."

Mjane alisimama, akafunua shuka, akalivaa koti juu ya gauni lake la nyumbani. Mikono ilimpita hadi kwenye ncha za vidole. Akajitazama, akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa sauti, na Mama Pasi akashindwa kujizuia naye akacheka, wakacheka mpaka machozi, na katikati ya machozi yale hakuna aliyejua yapi ni ya kicheko. Kisha mjane akaingia ndani akatoka na sindano na uzi.

"Mimi si fundi cherehani," Mama Pasi alimwonya.

"Nani amekuuliza? Shika mkono huo, mimi nashika huu."

Wakakaa hivyo kibarazani, kila mmoja na mkono wake wa koti, wakakunja na kushona mpaka jua lilipogeuka. Mshono wa Mama Pasi ulikwenda upogo, wa mjane ukanyooka. Walipoagana, mjane alisema tu, "Mshike mdogo wako mkono, lakini usimshike sana. Vipofu na wajane tunachoka kushikwa."

Siku ya kuondoka rafiki yake Breki alikuja na lori, na ndipo ilipogundulika kwamba meza ya kupigia pasi haitoki. Ilikuwa meza ndefu, ya mbao nzito, iliyotengenezwa na seremala ndani ya sebule ileile wakati mlango haujawekwa. Breki na rafiki yake waliilaza ubavu, wakaisimamisha, wakaizungusha, wakaivuta kwa dirisha. Mama Redio alisimama barazani akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba.

"Inueni mguu wa kushoto! Si huo, huo ni wa kwako, baba, nasema wa meza!"

"Tuikate," rafiki alisema, jasho likimtiririka. "Msumeno upo garini. Tutaiunga huko."

Breki alimgeukia mkewe. Mama Pasi aliweka kiganja juu ya ubao. Ulikuwa umechimbika kidogo pale alipozoea kuegemeza nyonga, na upande mwingine kulikuwa na alama ya kuungua, siku mtoto wa kwanza alipopata homa akamkimbilia akaisahau pasi. Alikuwa ameamini kabisa kwamba meza ile ni yake. Sasa aliiona imekaa pale kama ukuta au nguzo, kitu kilichoingia kabla ya mlango.

"Iacheni," alisema. "Hii ni ya nyumba."

Mke wa fundi umeme, aliyekuwa amefika na funguo za akiba, aliuliza kwa aibu kama ni kweli anaweza kubaki nayo. Akasema angependa kumwogeshea mtoto juu yake, mgongo unamuuma kuinama. Mama Pasi akamwambia aitandike kitambaa cha plastiki, kwa kuwa mbao zile zilishazoea mvuke lakini maji ya kusimama hazijayazoea. Akamwonyesha pia bomba la uani ambalo lazima ulifunge kwa kulirudisha nyuma kidogo, na kamba ipi hulegea, na kona ambayo jua huchelewa. Alipomaliza aligundua hana kingine cha kukabidhi.

Alizunguka vyumba peke yake. Chumba cha watoto, chumba chao, jikoni. Vikiwa vitupu vilikuwa vidogo kuliko alivyovijua, na sauti ya ndala zake ilimrudia. Alisubiri kitu kitokee moyoni, kilio labda, lakini hakikuja. Alisimama mlangoni akakuta miguu haijui ifanye nini. Miaka yote, pale mlangoni, yeye ndiye aliyebaki akipunga mkono. Hakuwahi kuondoka.

Breki alikuwa anakaza kamba za lori. Alimwona, akaja taratibu kwa ule mwendo wake wa breki.

"Kuna nini, mama?"

"Hivi wewe ulikuwa unaondokaje?"

Breki hakulielewa swali mara moja. Akakuna kidevu. "Unamaanisha nini, naondokaje?"

"Ulikuwa unatoka hapa, unatuacha, unapanda gari, unakwenda. Ulikuwa unafanyaje?"

Mzee alitazama barabara. "Sikuwa naangalia nyuma," alisema hatimaye. "Watu walidhani nina moyo mgumu. Sikuwa naangalia kwa sababu nilijua mpo. Kitu ambacho kipo hukiangalii angalii."

"Na sasa? Leo hakuna anayebaki."

"Basi leo tuangalie," Breki alisema.

Wakaiangalia wote wawili, wamesimama bega kwa bega pale mbele kama watu waliokuja kuinunua. Rangi ya ukutani ilikuwa imebabuka chini ya dirisha. Bati moja la paa lilikuwa jipya kuliko mengine. Mke wa fundi alikuwa ameshaanika nepi mbili tatu uani, zikawa zinapepea. Hakuna aliyesema kitu, hata Mama Redio, na jambo hilo lenyewe mtaa ulilizungumza kwa wiki nzima. Kisha Mama Pasi akapanda lori, akakaa katikati ya wanaume wawili, mkoba mapajani, na walipokata kona aligeuka akatazama mpaka nyumba ikafichwa na ukuta wa jirani.

Alilia walipokuwa wamekwenda mbali sana, mahali asipopajua, kwa sababu ya wali wa baridi waliokula kando ya barabara. Ulikuwa umepoa tu, hauna kosa lingine. Breki alimpa leso, hakuuliza.

Kule walikofika, mdogo mtu aliwapokea mlangoni, akamgusa dada yake uso, mabega na mikono, akasema, "Umekonda, na unanuka sabuni." Akamshika mkono akamtembeza yeye nyumba nzima, kipofu akimwonyesha mwenye macho: hapa pana ngazi, hapa ubao unalia, hapa chunga kichwa. Mama Pasi alikumbuka maneno ya mjane, akamwacha mdogo wake aongoze. Wiki za kwanza walikoseana hapa na pale. Mkubwa alisogeza viti kufagia akasahau kuvirudisha, mdogo akajigonga goti, wakanuniana, wakapatana. Baada ya muda jirani mmoja alileta mapazia, mwingine akaleta sare za shule, na kabla hajajua Mama Pasi alikuwa na wateja. Alinyooshea kwenye meza ya kulia chakula, juu ya blanketi lililokunjwa, akilalamika kwamba ni fupi.

Aliyeshindwa alikuwa Breki. Hakuna aliyelitarajia hilo, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Mtu aliyelala katika miji yote ya nchi bila kugeuka kitandani alianza kukaa dirishani, mikono magotini, akitazama barabara asiyokuwa na safari nayo. Chakula alikula nusu. Siku moja alasiri, Mama Pasi akiwa anakunja mashuka na mdogo mtu akimshikia ncha za upande wa pili, mzee alisema bila kugeuka:

"Saa hizi jua liko upande wa jikoni, kule nyumbani."

"Limeshafika uani," Mama Pasi alimrekebisha. "Jikoni linatoka mapema."

"Sikujua," Breki alisema. "Unajua, mimi safari zote nilizokwenda nilikuwa nahesabu kwamba narudi pale. Hata nilipokuwa mpakani kabisa. Sasa nikijilaza, siijui nyumba yenyewe vizuri niikumbuke. Najua mlango, najua kitanda. Mengine nilikuwa sipo."

Mama Pasi aliweka shuka mezani. Ile chuki ndogo aliyokuwa nayo tangu jioni ya chai, aliyokuwa ameikunja akaiweka mahali, aliitafuta asiione. Alivuta kiti akakaa karibu na mumewe. Mdogo mtu naye akapapasa ukuta, akafuata sauti zao, akakaa chini kwenye mkeka.

"Unataka kujua nini?" Mama Pasi aliuliza.

"Lile bati jipya la paa. Lile la zamani liliondokaje?"

"Hukuambiwa?"

"Niliambiwa upepo. Nikasema sawa, nikaondoka."

"Haukuwa upepo tu," alisema Mama Pasi. "Ngoja nikwambie. Ilikuwa mchana, watoto wako shuleni, mimi nina mashuka ya nyumba ya wageni uani, kamba zote zimejaa. Mara nikasikia kimya. Unajua kile kimya cha kabla ya mvua? Nikatoka..."

Breki alikuwa amegeuka kutoka dirishani, anamsikiliza.